Kesi ya Chebeya na Bazana: waliingia kwa polisi wakiwa wazima

Tarehe 1 mwezi wa sita mwaka 2010, Floribert Chebeya, mzaliwa wa Bukavu na kiongozi wa shirika la haki za binadamu La Voix des Sans Voix, alifika kwenye makao makuu ya polisi ya taifa mjini Kinshasa. Alikuwa ameambiwa kwamba mkuu wa polisi, jenerali John Numbi, atampokea. Aliyempeleka kwa gari ni Fidèle Bazana, shofere na mwanamemba wa shirika hilo. Hakuna kati yao aliyetoka mzima.

Kesho yake mwili wa Chebeya ulikutwa ndani ya gari lake, nje kidogo ya mji. Vitu vilikuwa vimepangwa humo ili watu waamini kwamba alikufa akiwa na mwanamke. Jamaa na wenzake walikataa hadithi hiyo tangu siku ya kwanza. Bazana hakuonekana, na hata miaka kumi na zaidi baadaye jamaa yake ilikuwa bado inaomba mwili ili imzike.

Wakati huo serikali ilikuwa inatayarisha sikukuu ya miaka 50 ya uhuru, na kelele zilikuwa nyingi ndani na nje ya nchi. Jenerali Numbi alisimamishwa kazi. Lakini mbele ya korti ya kijeshi walisimamishwa polisi wa chini yake. Mwezi wa sita 2011, wanne walihukumiwa kifo, akiwemo kolonel Daniel Mukalay. Watatu kati ya hao wanne walikuwa wametoroka. Mwaka 2015 Korti Kuu ya Kijeshi ilipunguza adhabu ya Mukalay hadi miaka 15, na wengine waliokuwa mbele yake wakaachiliwa. Jenerali alisikilizwa kama mtoa habari tu.

Wengi waliona kesi imekufa. Waliokataa ifungwe ni wajane, watoto na mashirika. Walimfuata hadi Senegal mmoja wa waliotoroka, Paul Mwilambwe, wakapeleka mashtaka huko. Mwaka 2021 polisi wawili waliokimbilia nje waliongea kwenye redio RFI: walikiri kushiriki, na kueleza kwamba wote wawili walizibwa pumzi kwa mifuko ya plastiki ndani ya makao ya polisi yenyewe.

Kesi ikafunguliwa tena. Tarehe 11 mwezi wa tano 2022, kolonel Christian Ngoy Kenga Kenga alihukumiwa kifo na Jacques Mugabo miaka 12. Mwilambwe, aliyerudi nchini kutoa ushuhuda, aliachiliwa. Jenerali Numbi, ambaye siku zote amekana kuhusika, alikuwa ameondoka nchini mwaka 2021. Miaka 12 ilipita kati ya mauaji na hukumu hiyo, na ngazi ya adhabu ilikomea kwa kolonel.

Sheria haikukosekana. Katiba ya 2006, kipengele cha 18, inasema mtu hawezi kuwekwa kasho ya polisi zaidi ya saa 48 bila kupelekwa mbele ya mkubwa wa sheria, na kwamba uhai na heshima yake vilindwe. Kipengele cha 28 kinasema hakuna anayelazimika kutimiza amri ambayo ni wazi inavunja sheria. Kwa hiyo askari aliyeshika mfuko hawezi kujificha nyuma ya mkubwa wake. Lakini mkubwa naye anapaswa kuulizwa: nani alitoa amri, na nani alijua?

Maswali hayo yanahusu pia makasho madogo ya mitaa yetu. Mtoto akikamatwa, jamaa iulize mapema: amekamatwa saa ngapi, kwa kosa gani, OPJ gani anamshikilia, na jina lake limeandikwa kwenye rejista? Chebeya alikuwa na jina kubwa, na bado kesi yake ilichukua miaka 12. Yule asiyejulikana ana jamaa yake tu ya kuulizia.