Sumu au Sakafu? Farasi, Unyevu wa Banda na Tuhuma, kutoka Sena hadi Koboko

Koboko ni mji wa mipaka mitatu. Ukielekea kaskazini unafika Oraba na kuvuka kuingia Sudani Kusini. Magharibi iko Kongo. Kusini ndiyo barabara ya Arua. Wakakwa wanaishi katika nchi zote tatu. Tangu karne ya 19 eneo hili limetawaliwa na watu wa mbali: maofisa wa serikali ya Misri, kisha Mfalme Leopold wa Ubelgiji aliyekodishwa Lado mwaka 1894, kisha Sudani ya Waingereza mwaka 1910 baada ya Leopold kufariki, na mwishowe Uganda mwaka 1914. Kila mtawala alikuja na askari, na askari hao waliacha lugha, dini, vyakula na watoto. Farasi peke yake hakuacha ukoo. Leo mtoto wa Koboko anaweza kumaliza shule ya msingi bila kumwona farasi isipokuwa kitabuni.

Insha hii inachunguza sababu. Hoja yangu ni kwamba historia ya farasi katika Afrika Mashariki haieleweki bila kuitazama sakafu anayosimama juu yake, yaani mkojo, tope na uvundo. Tena, kutoielewa sakafu hiyo hakukuua farasi tu. Kuliwahi kuua watu, na fikra iliyowaua watu hao bado tunayo.

Tuanze na sakafu yenyewe. Farasi mzima hukojoa kati ya lita 5 na 15 kwa siku, na akifungwa bandani, sehemu kubwa ya mkojo huo humwagika mahali pale pale anapolala. Mkojo unapotoka hauna uvundo mkali. Ndani yake mna urea, na bakteria waliomo katika samadi huivunja urea hiyo ikawa amonia, gesi ile inayochoma macho ukiingia banda lililofungwa usiku kucha. Kazi hiyo huenda haraka penye unyevu na joto. Amonia huumiza njia ya hewa ya mnyama, na mtoto wa farasi huumia zaidi kwa sababu hulala pua ikiwa karibu na chini. Unyevu nao hulainisha ukwato mpaka sehemu laini ya chini ikaoza. Kwa hiyo uvundo ni madhara, na pia ni shahidi: unatuambia kwamba maji hayana pa kwenda.

Mahali ambapo maji hayana pa kwenda huzaliwa wadudu. Usubi, kijidudu kidogo kuliko mbu, huzaa kwenye udongo ulioloa, hasa uliochanganyika na samadi: ukingo wa bwawa, tope la mahali pa kunyweshea, dimbwi la nyuma ya banda. Aina fulani za usubi hubeba virusi vya tauni ya farasi wa Afrika. Farasi akishikwa na tauni hiyo, mapafu hujaa maji, povu hutoka puani, na anaweza kufa kabla jua halijachwa. Ugonjwa huu unaweza kuua farasi 9 kati ya 10. Punda huustahimili kwa kiasi kikubwa, na pundamilia huweza kuwa nao bila kuonyesha dalili. Mtu asiyejua habari za usubi, akimwona farasi aliyekula vizuri asubuhi akianguka jioni na povu puani, atafikiri nini? Atafikiri amelishwa kitu.

Ndivyo ilivyotokea Sena, kwenye Mto Zambezi, katika nchi inayoitwa leo Msumbiji. Mwaka 1569 Mfalme Sebastião wa Ureno alimtuma Francisco Barreto, aliyewahi kuwa gavana wa Wareno huko India, aongoze jeshi kwenda Mutapa. Sababu iliyotajwa ilikuwa kulipiza kisasi cha padri Gonçalo da Silveira, aliyeuawa huko mwaka 1561. Sababu nyingine ilikuwa dhahabu. Jeshi lilifika Sena mwishoni mwa 1571, likiwa na farasi. Sena ilikuwa na wafanyabiashara Waislamu, watu wa ulimwengu wa Waswahili, waliokuwa wakiunganisha pwani na bara tangu kabla ya Wareno kuja. Mvua zilikuwa zimefika, na Sena iko bondeni. Farasi wakaanza kufa. Askari nao wakaugua homa na kufa.

Wareno hawakutazama tope. Waliwatazama Waislamu. Padri Monclaro, aliyefuatana na jeshi na kuandika habari za safari hiyo, aliamini kwamba wafanyabiashara hao waliwawekea sumu farasi na watu. Waislamu wa Sena wakakamatwa na kuuawa kwa ukatili mkubwa. Lakini vifo havikukoma. Askari waliendelea kufa baada ya washukiwa wote kuzikwa, na Barreto mwenyewe alifariki Sena mwaka 1573. Hapo ndipo tuhuma inapojibiwa na matukio yenyewe, kwani kama mtia sumu ameuawa, nani aliendelea kutia? Wataalamu wa mifugo siku hizi huyataja maandishi ya Monclaro kuwa miongoni mwa kumbukumbu za kwanza za tauni ya farasi katika bara letu. Wanahistoria wengine huutaja pia ugonjwa wa nagana unaoletwa na ndorobo. Vyovyote iwavyo, muuaji alikuwa mdudu.

Karibu miaka 300 baadaye, jaribio kama hilo lilifika karibu zaidi na kwetu. Mwezi wa Machi 1863 Samuel Baker aliondoka Gondokoro, jirani na Juba ya leo, akitafuta ziwa ambalo baadaye aliliita Albert. Alikuwa na farasi 4, ngamia 4 na punda 21. Alipita mashariki ya Nile kupitia Obbo, akakaa huko wakati wa mvua nyingi, na wanyama wakamwishia mmoja baada ya mwingine. Mwishowe yeye na mkewe walipanda maksai, na maksai hao aliwapa majina ya vyakula vya Kiingereza vya nyama ya ng'ombe. Tofauti na Barreto, Baker hakumchinja mtu kwa ajili ya farasi wake. Lakini naye alikumbana na ukweli uleule: mnyama aliyebeba jeshi katika nchi kavu hakuweza kubeba hata mizigo katika nchi hii wakati wa masika.

Elimu ilichelewa. Kule Rasi, Afrika Kusini, tauni ya 1854 na 1855 iliua farasi karibu 70,000. Wafugaji wa huko walijifunza kwa hasara: waliwaingiza farasi bandani kabla ya jua kuchwa, wakawasha moto wa moshi, wakawatoa baada ya umande kukauka. Walidhani umande au hewa chafu ya usiku ndiyo inayoua. Dhana haikuwa sahihi lakini tendo lilikuwa sahihi, maana usubi hutembea kuanzia magharibi hadi alfajiri. Mwaka 1900 M'Fadyean alionyesha kwamba ugonjwa unatokana na kitu kidogo kinachopita kwenye chujio linalozuia bakteria, na mwaka 1944 du Toit alionyesha kwamba usubi ndio wabebaji. Kutoka Sena hadi hapo ni zaidi ya miaka 370.

Harufu nayo ina historia yake. Katika miaka ya 1980 watafiti waliokuwa wakifanya kazi kwenye Bonde la Zambezi nchini Zimbabwe, na wenzao wa Kenya, waligundua kwamba mkojo wa nyati na wa ng'ombe huwavuta baadhi ya ndorobo. Huko Nguruman, Kenya, mitego ya kitambaa iliwekewa asetoni na mkojo wa ng'ombe ili kuwanasa. Yaani uvundo ambao sisi tunauziba pua, ndorobo wa mbugani huufuata kama njia.

Hapa mwanafunzi wa historia anapaswa kuwa mwangalifu. Ni rahisi kusema kwamba wazee wetu walijua haya yote, wakafagia mazizi ili kuwazuia ndorobo. Wafugaji wa kundi letu la lugha wana ustadi mkubwa kweli. Wamundari wa Sudani Kusini, ambao lugha yao na Kikakwa zote ni za kundi la Kibari, huondoa samadi kambini kila asubuhi, huianika, na jioni huichoma ili moshi uwafukuze nzi na mbu. Majivu yake hujipaka wao na kuwapaka ng'ombe. Hapa Koboko pia mwenye ng'ombe wachache hufagia zizi asubuhi na kumwaga majivu ya jikoni palipoloa, na mara nyingi mwenye ufagio ni mwanamke au mtoto, ambaye jina lake haliingii katika historia ya ufugaji. Lakini ndorobo wa Nile Magharibi ni wa mitoni, na huyo hajali sana harufu. Hutumia macho zaidi. Ndiyo maana kampeni ya kumpunguza, iliyoanza Nile Magharibi mwaka 2011 na kuenea hadi Koboko, ilitumia vitambaa vidogo vya buluu na wavu mweusi vyenye dawa, vilivyosimikwa kando ya mito bila chambo cha harufu. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilithibitisha kwamba malale ya aina ya kwetu si tatizo la afya ya umma tena nchini Uganda. Kwa hiyo ufagio na majivu vipewe sifa vinayostahili: vinapunguza amonia, kuoza kwa kwato, nzi na usubi. Hiyo ni sifa ya kutosha.

Hata majivu yana masharti. Hukausha, lakini yakimwagwa juu ya dimbwi la mkojo huharakisha amonia kupaa, na uvundo huongezeka kwa muda. Utaratibu unaofaa ni kuondoa kwanza nyasi zilizoloa, kuacha sakafu ipate hewa, ndipo kumwaga majivu au chokaa, kisha kutandika nyasi kavu au maranda. Sakafu iwe na mteremko, na mtaro upeleke mkojo mbali, kwenye shimo la mboji. Haya yanafaa kwa farasi, na kwa ng'ombe, mbuzi na punda vilevile.

Kwa nini basi turudi Sena? Kwa sababu katika Nile Magharibi neno "sumu" halijawa la kale. Mtu akifa ghafla, au mifugo ikianguka mfululizo, jirani huanza kutafuta nani aliyepita hapo jana. Mara nyingi anayetajwa ni yule asiye na ukoo wa kumtetea: mke aliyeolewa kutoka mbali, au mgeni aliyehamia karibuni. Tuhuma hizi zimewafukuza watu makwao na nyingine zimekatisha maisha. Koboko ni mji wa watu waliokimbia na kurudi. Baada ya 1979 watu wetu walikimbilia Sudani na Zaire, wakapokewa. Leo wakimbizi wa Kongo wako Lobule, na wa Sudani Kusini wameingia kupitia Oraba. Mahali kama hapa mgeni hakosekani, kwa hiyo mshukiwa naye hakosekani.

Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Wengi huitumia methali hiyo kumshuku ndugu. Historia ya banda la farasi inatupa njia ya kuisoma kwa maana yake ya wazi: tafuta kwanza kilicho karibu na mwili, yaani nguo, maji, tope, mdudu. Waislamu wa Sena waliuawa kwa sababu hakuna aliyeinama kutazama chini. Ng'ombe watatu wakifa Koboko wiki hii, swali la kwanza liwe wamelala wapi na wamekunywa wapi, na mtu wa kwanza kuitwa awe mganga wa mifugo.