Aliyetangulia Kusema Karibu

Jumapili asubuhi huko Tuala, kabla ya mahubiri, kiongozi wa ibada huwaomba wageni wasimame. Anayesimama hutaja jina lake na alikotoka: Kisii, Machakos, Murang'a, Busia. Kanisa zima humpigia makofi, na ibada ikiisha huvutwa kando apewe chai na mandazi. Mhubiri naye akimaliza hutoa mwaliko wake: anayetaka kumpokea Yesu awe Bwana wa maisha yake ainue mkono, kisha asogee mbele aombewe. Ni karibu mbili chini ya paa moja la mabati. Zote mbili zina historia ndefu kwenye nyanda hizi zilizo kusini mwa Mbuga ya Nairobi, kati ya Rongai na Kitengela, na naamini historia hiyo tumezoea kuisimulia kuanzia mwisho.

Kwa kawaida msimulizi huanza na mmishonari. Mwaka 1895 Peter Cameron Scott aliwasili na kundi la kwanza la Africa Inland Mission, wakafungua kituo Nzawi huko Ukambani. Mwaka uliofuata Scott alifariki. Mwaka 1903 akaja Mmarekani John Stauffacher, ambaye moyo wake ulielekea kwa Wamaasai. Hadi hapo masimulizi yako sawa. Lakini Stauffacher alifika akiwa hajui neno la Kimaa. Hakujua njia wala desturi, wala jinsi ya kuingia kwenye boma la watu. Mgeni wa namna hiyo hana uwezo wa kumkaribisha mtu yeyote mahali popote. Yeye ndiye anayehitaji kukaribishwa.

Aliyempokea alikuwa kijana wa Kimaasai, Molonket ole Sempele. Walitembea pamoja, mmoja akijifunza lugha na mwingine akijifunza Injili. Mwaka 1909 Molonket alifanya jambo ambalo hadi leo hunishangaza: aliuza ng'ombe wake apate nauli ya kwenda Marekani. Anayewajua Wamaasai anaelewa uzito wa jambo hilo, maana ng'ombe ni chakula na mahari, ni heshima ya mtu mbele ya rika lake. Alisoma Boydton, Virginia, katika shule ya Biblia ya Wamarekani weusi. Alirudi mwaka 1912.

Nyumbani alikuta nini? Mkataba wa 1904 ulikuwa umewapa Wamaasai Laikipia upande wa kaskazini na hifadhi nyingine kusini, kwa ahadi kwamba hawatasumbuliwa tena. Mwaka 1911 serikali ya kikoloni ikaleta karatasi nyingine, na watu wa Laikipia wakaanza kusukumwa kusini na mifugo yao ili walowezi wapate ardhi. Wamaasai walikwenda mahakamani, na mwaka 1913 kesi yao ikatupwa. Waliomkaribisha Mzungu na Kitabu chake ndio hao waliokuwa wakihamishwa na Wazungu wengine. Molonket hakuitupa imani kwa sababu hiyo, wala hakuwaabudu walioileta. Baadaye alitofautiana na misheni na akashika njia yake mwenyewe. Mimi naona hapo ndipo Ukristo wa Umaasaini ulipopata miguu yake.

Agano Jipya kwa Kimaa lilitoka mwaka 1923, na Biblia nzima ikangoja hadi 1991. Maneno ya Kitabu hicho yanastahili kutafakariwa. Mungu ni Enkai, jina lenye kiambishi cha kike, na neno hilo hilo ni mvua na ni mbingu. Kumwita Yesu Bwana kulikuwa kugumu zaidi. Wamaasai hawakuwa na mfalme. Hata oloiboni, kiongozi wa kiroho aliyeheshimiwa na kuogopwa, aliulizwa ushauri lakini hakuwatawala. Mambo yaliamuliwa na wazee chini ya mti, kwa kuzungumza hadi wakubaliane. Katika Kiswahili nako, wakati huo bwana alikuwa mkuu wa wilaya au mwenye shamba aliyetoa amri. Basi aliyesimama na kukiri kwamba Yesu ni Bwana alikuwa anasema jambo zito: kwamba yule mwingine mwenye kofia na karani si bwana wake hasa.

Waliolirudisha neno hilo, Bwana, midomoni mwa watu wa kawaida ni ndugu wa Uamsho wa Afrika Mashariki. Cheche yake iliwaka Namirembe, Kampala, mwaka 1929, Simeon Nsibambi alipokutana na daktari Joe Church wa hospitali ya Gahini, Rwanda. Mwaka 1937 kundi lao lilifika Kabete, upande wa pili wa Nairobi ukitokea Tuala. Ndugu hao waliketi pamoja, Mzungu na Mwafrika, wakaungama dhambi wazi na kuombana msamaha. Salamu yao ikawa Bwana asifiwe. Wakati wa Hali ya Hatari, kuanzia 1952, wengi wao walikataa kiapo cha Mau Mau na wakakataa pia kubeba silaha za serikali, na wapo waliouawa.

Salamu hiyo ilifika huku kwetu Kajiado ndani ya mabegi ya wahamiaji. Ranchi ya pamoja ya Kitengela iligawanywa mwaka 1988, kila familia ikapata sehemu yake, na uuzaji wa ploti ukaanza. Sensa ya 2019 ilihesabu zaidi ya watu 150,000 katika mji wa Kitengela. Husemwa mgeni njoo, mwenyeji apone. Lakini mfugaji ambaye njia ya ng'ombe wake imezibwa na seng'enge ana haki ya kuuliza amepona wapi, na kanisa linalowaita wageni wasimame linapaswa kumsikiliza yeye kwanza.

Yapo makanisa huku ambayo mahubiri hutolewa kwa Kiswahili huku mkalimani akifuata kwa Kimaa, sentensi kwa sentensi. Ibada ikiisha, watoto wa Kimaasai huinamisha vichwa mbele ya wazee ili waguswe utosini, ndiyo salamu. Wale wa wahamiaji huwatazama kidogo, kisha nao husogea, huinama, na mkono wa mzee huwashukia vilevile.