Usita wa Mui, njia ya miguu
Usita wa Mui, au Harambee Avenue, ndiyo njia kuu ya Mji wa Kale wa Lamu. Yapita sambamba na ufuo, nyuma ya majumba ya mbele, na upana wake ni wa watu na punda, si wa gari. Wembamba huo una faida yake: nyumba za ghorofa za matumbawe huziba jua, mpita njia akatembea kivulini. UNESCO iliutia mji katika Urithi wa Dunia mwaka 2001.

Kisha zikaja bodaboda, kaunti ikazipiga marufuku humo. Vijana walilalamikia riziki yao, nalo si dogo. Lakini pikipiki ikiingia pale, mtoto atokaye chuoni na mzee aendaye msikitini hawana pembeni pa kukimbilia.