Mwembe wa Porini

Mwaka 2022 nilikwenda na wanangu na wajukuu kupiga kambi kando ya Mto Rufiji, katika Hifadhi ya Taifa ya Nyerere. Tulipokwisha kusimamisha mahema na kuwasha moto, huku viboko wakikoroma majini, nikaanza somo. Mwalimu hastaafu ulimi. Nikawaeleza kwamba pori hili lilikuwa sehemu ya Selous hadi mwaka 2019, na kwamba Frederick Selous, mwindaji wa Kiingereza aliyekuwa kapteni vitani, aliuawa na jeshi la Wajerumani huko Beho Beho tarehe 4 Januari 1917. Kaburi lake lipo hadi leo.

Mjukuu wangu akauliza, "Babu, na makaburi ya wenyeji yako wapi?"

Nikanyamaza. Kwa zaidi ya miaka 30 chuoni niliwafundisha walimu kana kwamba hapa palikuwa pori tupu tangu asili. Kumbe Kinjeketile wa Ngarambe, ambaye maji yake yaliwaunganisha watu katika Vita vya Maji Maji vya 1905 hadi 1907, alikuwa mtu wa kusini mwa mto huu huu. Tena miaka ya 1940 serikali ya kikoloni iliwahamisha wanavijiji wengi wa upande wa Liwale, ikitaja ugonjwa wa malale. Tembo wakaachiwa nchi.

Asubuhi askari wa hifadhi alituonyesha mwembe mkongwe, peke yake kichakani. Palipo na mwembe kama ule palikuwa na mji. Nikamwita mjukuu wangu, nikakiri mbele ya wenzake kwamba somo langu la jana lilikuwa pungufu.