Kiendeshi: Neno Moja, Vitu Viwili

Wizara ya Fedha ilipofunga kompyuta mwaka 1965, waliohitaji kuieleza kwa Kiswahili walikuwa wachache. Mwaka 1974 Serikali ikapiga marufuku uingizaji wa kompyuta nchini, na lugha nayo ikapewa likizo. Kazi nzito ilikuja baadaye, hasa mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilipotoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi zenye maandishi ya Kiswahili. Katika tafsiri za namna hiyo neno *kiendeshi*, lililoundwa barabara kutokana na *endesha*, limekuja kutumika kwa vitu viwili: chombo cha kuhifadhia data, na programu inayouwezesha mfumo kuongea na chombo hicho. Kiingereza huvitenganisha kwa kiambishi tamati tu. Sisi hatukuvitenganisha kabisa.

Madhara yake niliyaona Mukendo, mjini Musoma. Ofisi moja ilihamisha kumbukumbu za ankara kutoka kompyuta kuukuu hadi kwenye mashine dhahania, yaani kompyuta iliyoundwa kwa programu ndani ya nyingine. (Wengine husema *mashine pepe*, lakini mkulima wa mpunga anajua kwamba pepe ni ganda lisilo na kiini.) Wazo hilo si geni: IBM ilitoa VM/370 mwaka 1972. Mashine ilikataa kuwaka. Fundi akasema kwa simu, "Kiendeshi cha hifadhi hakipo." Karani akaelewa kuwa diski imepotea, akajiandaa kuunda diski mpya juu ya ile ya zamani. Bahati njema aliniuliza kwanza maana ya neno.

Diski ilikuwapo, nzima. Kilichokosekana ni programu ya kuisomea. Mashine mpya iliitoa diski kwa njia ya virtio, iliyobuniwa na Rusty Russell na kuingizwa katika kiini cha Linux toleo 2.6.24, Januari 2008; mfumo wa zamani haukuwa umeandaliwa kuitumia wakati wa kuwaka. Na hata kama programu hiyo ingewekwa ndani ya diski ileile bila mfumo kuandaliwa kuipakia wakati wa kuwaka, ingekuwa ufunguo uliofungiwa ndani ya nyumba.

Tiba ilikuwa nyepesi. Fundi aliirudisha diski kwenye njia ya zamani ya IDE, mashine ikawaka. Akaongeza diski ndogo tupu ya virtio, mfumo ukaitambua na kuwekewa programu yake. Kisha akaizima mashine, akaihamishia diski kuu kwenye virtio, akaiondoa ile ndogo. Ankara zote zikaonekana.

Kwa maoni yangu, chombo kiitwe *diski*, neno ambalo hata wanafunzi wanalo, na programu iitwe *programu endeshi*. Najua itasemwa kwamba hilo laweza kuchanganywa na *mfumo endeshi*. Mchanganyiko huo, hata hivyo, humfanya mtu aulize swali. Ule wa kwanza ulikaribia kumfanya afute ankara za miaka mingi.