Mungu kama mchungaji katika Biblia

Katika Kiswahili chetu cha Maniema, mtu anayesafiri kwenda Kindu humwambia jirani: "Unichungie nyumba." Kuchunga ni kutunza kitu ambacho mwenyewe atakuja kukiuliza. Kifaransa kina maneno mawili: berger ni wa kondoo, pasteur ni wa kanisa. Sisi tuna moja tu, mchungaji, na wengi wetu tukilisikia tunaona kwanza mtu mwenye koti na Biblia. Kondoo hatuwaoni.

Na kweli kondoo kwetu ni wachache. Mbung'o ni sababu moja kubwa inayofanya ng'ombe wasienee Kasongo na Kabambare. Tunafuga kuku, mbuzi na kondoo kidogo, nao huzunguka kijijini wenyewe. Mchungaji wa Biblia alikuwa na kazi nyingine. Upande wa mashariki wa Yuda ni nchi kavu: malisho ya leo yanaisha, na maji ni ya kutafuta. Alitangulia, kundi likamfuata, usiku akalala nje pamoja nalo. Katika Mwanzo 31 Yakobo anamkumbusha Labani miaka yake ishirini ya kazi hiyo: jua la mchana, baridi ya usiku, usingizi uliokimbia, na kila mnyama aliyeraruliwa, hasara ilikuwa yake. Sheria ya Kutoka 22 inamtaka aliyechungishwa mnyama wa jirani alete mabaki yake kama ushahidi, akiraruliwa. Ndiyo maana Amosi 3:12 inataja miguu miwili au kipande cha sikio. Mchungaji anatoa hesabu.

Neno hilo lilikuwa pia la wafalme. Hammurabi wa Babeli, karibu miaka 4,000 iliyopita, alijiita mchungaji wa watu wake. Kwa hiyo Israeli waliposema Mungu ndiye mchungaji, walisema pia kwamba mfalme si mwenye kundi. Ezekieli 34 ndiyo sura kali kuliko zote katika jambo hili: viongozi wamevaa sufu na kula wanono, lakini wagonjwa hawakutibiwa, waliopotea hawakutafutwa. Basi Mungu anasema atashuka kazini mwenyewe. Maneno hayo yaliwafikia watu waliokwisha kuhamishwa makwao. Yesu anapojiita mchungaji mwema katika Yohana 10, anaichukua kazi ile ile.

Wapo wanaohubiri Zaburi 23 kama ahadi kwamba baya halitatupata. Salamabila, karibu na machimbo ya dhahabu ya Namoya, ambako watu wengi walikimbia mapigano miaka ya 2018 na 2019, mahubiri hayo hayasimami. Zaburi yenyewe haisemi hivyo: ina bonde la giza, na adui wapo mpaka mezani. Angalieni jinsi inavyogeuka. Mwanzoni Daudi anasema habari za Mungu. Akifika bondeni anaanza kusema na Mungu.

Jambo lingine linasumbua makanisa yetu. Katika Yohana 10:12 mtu wa mshahara anaona mbwa mwitu na kukimbia, na mstari huo umetumiwa kumhukumu kila mchungaji aliyeondoka kijijini wakati wa vita. Mimi sikubali. Kosa la yule mtu ni kuwaacha kondoo. Anayekimbilia porini pamoja na washirika wake, akiwabebea watoto na kuwatafutia maji, yuko kazini. Aliye salama mjini, akingojea fungu la kumi kutoka kwa watu wanaolala chini ya miti, huyo asome Ezekieli 34 polepole.

Halafu kuna kuhesabu, jambo ambalo hatulihubiri sana. Katika Luka 15 mwenye kondoo mia anajua mmoja hayupo kwa sababu amewahesabu. Yeremia 33:13 inaona makundi yakipita tena chini ya mkono wa mwenye kuhesabu, katika nchi iliyokuwa tupu. Kwa kanisa lililotawanyika kazi hiyo inaanza na daftari la washirika, jina kwa jina: nani amefika Kasongo, nani amepokelewa na ndugu huko Kongolo, nani amerudi shambani kwake, na mjane gani hakuna aliyemwona tangu usiku ule.