Ufundi katika Shule Zetu za Sekondari

Katika jamii zetu za kale ufundi haukuwa kimbilio la walioshindwa. Huko Ufipa, mfua chuma aliyejua kujenga tanuri la udongo lililopita kimo cha mtu, na kuyeyusha ndani yake mawe yenye chuma, aliheshimiwa na hata kuogopwa. Ujuzi wake aliurithisha pamoja na miiko yake.

Ukoloni uliivuruga heshima hiyo. Shule ya serikali iliyofunguliwa Tanga mwaka 1892 ilikuwa na karakana, na huko ndiko gazeti la Kiongozi lilikopigwa chapa. Lakini aliyehesabiwa kuwa mtu ni yule aliyetoka na kalamu akaenda kuwa karani. Waingereza nao walifungua Tabora mwaka 1925 kwa ajili ya wana wa machifu. Shule ya ufundi ya Ifunda, Iringa, ilikuja baadaye sana, nayo ilianzia katika majengo ya kambi ya wakimbizi kutoka Poland waliohifadhiwa nchini wakati wa Vita Kuu ya Pili. Moshi ilifuata mwaka 1957. Wazazi waliosita kuwapeleka watoto wao huko hatuwalaumu. Waliona kwamba fundi Mwafrika aliamriwa na msimamizi Mzungu, akalipwa ujira mdogo.

Machi 1967 Mwalimu Nyerere alitoa Elimu ya Kujitegemea, na mwanzoni mwa miaka ya 1970 shule za sekondari zikapewa michepuo: kilimo, ufundi, biashara na sayansikimu. Hapa tungependa kutua kidogo, kwa kuwa faida ya mpango huo mara nyingi hutajwa kwa upande wa ajira tu. Mwashi akitaka kona ya nyumba iwe mraba, hupima futi 3 upande huu na futi 4 upande ule, kisha huhakikisha kwamba kamba inayounganisha ncha hizo ina futi 5 kamili. Kijana aliyeivuta kamba hiyo mwenyewe haikariri tena kanuni ya Pythagoras, anaijua. Tena mbao haidanganyiki: kiungo kilichokatwa vibaya hakikazi, hata mwenyewe awe hodari wa maneno namna gani.

Hata hivyo, mambo hayakwenda sawa kila mahali. Zipo shule zilizofanya jembe kuwa adhabu ya wachelewaji, wanafunzi wakajifunza kulichukia. Baada ya Vita vya Kagera vya 1978 na 1979, fedha za kigeni zilipoadimika, karakana nyingi zilikosa vifaa, na mchepuo ukabaki jina katika cheti.

Mwaka 2023 sera ya elimu ilirekebishwa, na mkondo wa amali ukaingizwa katika sekondari. Walimu watakaoufundisha wanahitaji randa zenye makali, mbao kavu, na saa za kutosha katika ratiba. Wanahitaji pia mkuu wa shule asiyewapeleka karakana wale tu waliofeli hisabati.